Gauni la Rahel Linaburuta

Jumatatu, 2 Juni 1958
Nimemaliza suruali mbili na kola tatu. Rahel amemeza kidonge chake cha kortizoni kwa uji, kama kila asubuhi kwa mwaka wa tatu sasa. Kifua ki wazi kabisa. Zamani pumu ilimketisha kitandani hadi alfajiri, nami nimemshika mgongo. Leo ameimba akipepeta maharage. Mke wangu anaimba!

Alhamisi, 12 Juni
Nimepanua gauni lake tena. Uso umeviringika, tumbo limejaa, mikono myembamba. Hapa Mlowo wananisifu kwamba namlisha. Lakini pindo la mbele linaburuta. Nililishona mwenyewe Krismasi, likaishia juu ya kifundo. Kitambaa hakirefuki. Nikampima Rahel, nikarudia. Amepungua kimo kwa inchi mbili.
Amecheka. Ati fundi nimezeeka macho.
Naogopa.

Jumamosi, 5 Julai
Alikwenda kumsaidia dada yake kuchuma kahawa. Aliinua debe, mgongo ukalia kah. Wamemleta kwa machela. Hata kukohoa hawezi bila machozi.

Jumatano, 9 Julai
Tumefika hospitali ya misheni kwa lori, Rahel juu ya magodoro. Daktari anasema pingili mbili za uti wa mgongo zimebonyea. Dawa inayomfungua kifua ndiyo inayodhoofisha mifupa.
Nikauliza, "Basi aache leo?"
"Hapana. Mwili umeizoea. Akiacha ghafla anaweza kufa. Tutapunguza kidogo kidogo. Pumu ikimbana, arudie kidonge kizima."
Vidonge vyote hivyo nilivifuata mimi. Siku alizosahau nilimgombeza.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwambia nimemvunja mifupa kwa mkono wangu. Amekasirika kweli.
"Baba Ezekieli, miaka mitatu nimepumua. Hiyo nayo uihesabu."
Nimemkanda miguu.

Jumapili, 17 Agosti
Siku mbaya. Tulikuwa tumefika nusu kidonge. Katikati ya ibada kifua kikafunga. Nilimtoa nje, midomo imekuwa ya kijivu, shingo inavutika kila pumzi. Nikampa kidonge kizima. Akafumba mdomo, akatikisa kichwa. Anaogopa mgongo kuliko kifo.
Nilipiga magoti kwenye vumbi, waumini wakitazama. Nikamwambia, "Mama Ezekieli, nitaishi na wewe umepinda. Bila wewe sitaweza."
Amemeza. Kifua kililegea jua likielekea kuzama.

Jumanne, 9 Septemba
Robo tatu ya kidonge. Maziwa, dagaa, kutembea kila siku; ndivyo daktari alivyoagiza. Maji nachota mimi. Wanaume kisimani wanacheka. Wacheke. Rahel ananisimamia kwenye ugali na kunikosoa. Nimeunguza mara mbili.

Jumatatu, 27 Oktoba
Tumetoka misheni kupimwa mgongo wa Rahel. Daktari anasema huenda dawa hii hataiacha kabisa, na kimo hakitarudi. Ila maumivu yamepungua, na hakuna pingili nyingine iliyobonyea. Rahel amemshukuru kwa Kinyiha, kwa maneno marefu kweli. Daktari hakuelewa neno.
Lori lilitushusha barabarani. Akakataa kubebwa. Tumetembea polepole, kivuli cha migomba upande mmoja. Alipumzika mara mbili. Mara ya pili alinishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani. Watu walituona.