Boriti ya Daraja la Ijumbi

Jumatatu, 5 Julai 1948

Nimepata kazi — kazi ya kuinua na kushusha boriti inayofunga njia darajani! Serikali imemkabidhi Bwana Tomlin, mzungu mwenye malori, daraja letu. Atalitunza yeye, atatoza yeye. Anayevuka alipe. Msimamizi ni shemeji yangu Mustapha, kaka wa mke wangu Sada, na ndiye aliyeniombea kazi. Sada kafurahi. Mimi naona haya.

Daraja hili walijenga watu wa hapa Ijumbi, kwa kazi ya lazima. Kagaruki, mdogo wake rafiki yangu Kaijage, aliangukiwa na gogo akafia mtoni. Leo ni daraja la Tomlin. Mwenye nguvu mpishe, sawa. Lakini hata hapa?

Alhamisi, 8 Julai

Siku mbaya. Ma Verdiana, mama yake Kaijage, alikuja na kikapu cha kahawa kichwani, anaipeleka Kemondo. Kulipa hataki. Waitu, jamani, mwanangu kafia humu chini, kasema, nyie mmelipa nini?

Nikaanza kuinua boriti. Mustapha akanisukuma, akamchapa yule mama kiboko usoni. Jicho likapasuka. Kahawa yote mtoni. Na mimi nimeshika kamba tu, kama mbuzi. Najichukia.

Ijumaa, 9 Julai

Kaijage kaningojea nje ya msikiti. Jicho la mama limepotea, kasema. Hakupaza sauti — hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi na Kaijage zamani tulikula omukago, undugu wa damu. Tulichanjana tumboni, kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Maalimu wangu akijua, nimekwisha. Mchungaji wake akijua, naye kaisha. Lakini tulikula. Humvamii ndugu wa damu bila kumwonya, humsaliti, na akikimbilia kwako humfungii mlango. Ukivunja, ile buni inavimba tumboni mpaka ufe.

Basi kaniambia. Kesho, siku ya gulio, yeye na wenzake wanachoma boriti na kibanda. Nisiwepo. Nikamwomba amwache shemeji yangu. Kanijibu kwamba omukago alikula na mimi, hakula na Mustapha.

Wakati wa kufuturu nilimsihi Mustapha kesho asiende kazini. Kwa nini? Sikuweza kusema. Kacheka, eti saumu imenipanda kichwani.

Jumamosi, 10 Julai

Sikwenda. Nilijilaza, nikasema tumbo. Moshi niliuona toka mlangoni. Kisha bunduki — nyingi.

Ashura wa jirani kapita mbio. Walimburuta Mustapha toka kibandani, kasema. Kaijage alikata ule mkono wa kiboko kwanza, ndipo shingo. Askari wakafyatua risasi, watu wakaanguka mtoni pamoja na matenga yao. Sada akatoka mbio kwenda darajani, hata kanga hakujifunga vizuri.

Ndipo Kaijage akatokea, kapitia migombani nyuma ya nyumba. Risasi pajani. Panga bado mkononi, na damu ile najua ni ya nani. Hakuomba. Alisimama tu mlangoni, akashika tumbo lake, pale tulipochanjana.

Nilitamani kumuua. Nikamfungulia. Nimemlaza chumba cha nyuma, nyuma ya magunia ya kahawa, nikamfunga kitambaa mdomoni asigune.

Jumamosi hiyo hiyo

Wamemleta Mustapha. Hapa kwetu — Sada ndiye ndugu yake pekee. Wamemlaza sebuleni, mkono wake wameuweka kando yake. Nyumba imejaa. Askari wanapekua nyumba kwa nyumba, wako kwa Ashura sasa.

Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa chumba cha nyuma, naandika. Watu wanadhani naandika majina ya waliokuja msibani. Siwezi kusimama. Damu inapita chini ya mlango, nimeikalia. Kanzu imelowa, ya moto.

Sada halii. Kakaa kando ya kaka yake.

Maalimu kauliza shuka nyeupe ya sanda. Tunayo, ipo sandukuni, chumba cha nyuma. Nimesema nitaileta mimi. Nimesema ngojeni kidogo. Wanangoja. Ndani kitu kimekwaruza magunia, na mimi nikakohoa, nikakohoa tena.

Sada kanyanyuka. Yuko mbele yangu. Hanitazami usoni, anatazama sakafu, pembeni ya goti langu, pale damu ilipotokeza.

Siku zote huniita Baba Shamsa.

Zahoro, anasema. Zahoro, inuka.