Boti Iliyoonekana Ujiji

Jumanne, 11 Novemba

Naomba radhi, daftari. Tangu Machi sijakuandikia neno. Sikuugua wala sikusafiri. Siku za mjane aliyestaafu ualimu hufanana, nami sikutaka kuandika ukurasa mmoja mara mia.

Saa kumi alasiri Sadoki, mvuvi niliyemfundisha zamani, ameleta kifaa. Nimekiweka dirishani. Kesho asubuhi atakifuata, kama kawaida.

Nieleze, maana sijawahi kueleza. Boti za uvuvi sasa hubeba kifaa cha kuonyesha mahali zilipo. Ofisi ya uangalizi mjini huiona kila boti kama nukta kwenye ramani. Nchi zote nne za ziwa hili hupeana ramani hiyo, ili boti ikipata ajali ng'ambo, watu wa ng'ambo wajue pa kwenda. Ni jambo jema. Lakini Haruna, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ni nahodha, na huwafuata dagaa hadi maji ya Kongo. Anaogopa askari wa kule wataiona nukta na kumngojea. Kwa hiyo boti ikitoka Bangwe hupita Ujiji kuniachia kifaa. Nyumba yangu iko hatua chache kutoka ufukweni. Kwenye ramani, boti imelala Ujiji.

"Mama mkubwa, wewe hakuna atakayekushuku," aliniambia. Kweli. Hakuna.

Ijumaa, 14 Novemba

Sadoki, leo, akinikabidhi kifaa: "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto huyu nimemleta. Ameshakula, usimpe chai, nipe mimi."

Nimemwambia aache upuuzi. Nimempa chai. Ana mvi na watoto sita kule Ilagala, lakini bado hukaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuulizwa swali. Amekaa robo saa.

Niandike ukweli. Nilikubali kosa hili kwa sababu pasipo kifaa hakuna anayebisha hodi kwangu. Ni aibu.

Jumatatu, 17 Novemba

Usiku upepo umeng'oa bati la jirani. Saa moja asubuhi Sadoki hakuja. Saa nne hakuja. Nimesimama ufukweni mpaka jua likawa kali. Watu wamenisalimu, nimeitikia.

Nilimwahidi Haruna kwamba sitamwambia mtu. Huenda wamejisitiri ng'ambo, wanangoja ziwa litulie. Nikisema, nitakuwa nimempeleka mahakamani mtoto wa mdogo wangu.

Kifaa kinawaka taa yake ya kijani. Kinadanganya, nami nakisaidia.

Jioni. Bado. Sijala.

Jumanne, 18 Novemba

Zawadi, mke wa Haruna, amefika saa mbili asubuhi, kanga kaifunga kiunoni. Jana alipiga simu ofisini kumuulizia mumewe. Wakamjibu kwamba boti iko salama Ujiji, imetulia tangu Jumapili. Hawakutuma mtu kuitafuta. Kwa nini wangetuma? Wakampelekea na picha ya ramani.

"Ameoa huku, siyo?" amesema, hata hajakaa. "Nionyeshe nyumba, Mama mkubwa. Simpigi. Nataka tu aniambie anampikia nini mpaka mwanamume anasahau njia ya Bangwe."

Nimemwonyesha dirisha.

Amekitazama kifaa muda mrefu. Kisha ameketi sakafuni.

"Bora angekuwa ameoa," amesema.

Nimepiga simu ofisini mbele yake. Nimesema yote. Afisa ameuliza kwa nini sikusema jana. Nimemjibu kwamba nilinyamaza. Nimewatajia upande ambao Sadoki alipenda kuusifia kwa dagaa. Zaidi ya hapo sijui. Saa ile ile wamepeleka habari Kongo, Burundi na Zambia.

Jumatano, 19 Novemba

Wamepatikana. Watu wa Kongo waliona kwenye ramani yao boti ya mizigo iliyokuwa karibu na upande ule. Wakaiita kwa redio, ikageuza. Imeikuta boti ya Haruna imepinduka, na watu wanne wameishikilia.

Walitoka watano. Sadoki hayupo.

Haruna anasema Sadoki aliishiwa nguvu jana alfajiri. Jana alfajiri. Maana yake Jumatatu yote alikuwa hai.

Jumatatu yote alikuwa hai.

Jumamosi, 22 Novemba

Msibani Ilagala. Hakuna mwili, lakini watu wamekaa matanga. Mjane wake amenishukuru kwa kufika. Ameniambia kwamba mumewe alikuwa akijitapa kijijini: zamani mwalimu alimchapa, siku hizi humwandalia chai.



Haruna amenifuata nyuma ya nyumba. Mikono yake imechubuka yote. Ofisi inataka maelezo yangu kwa maandishi. Ananiomba niandike kwamba kifaa kiliharibika na kiliachwa kwangu kingoje fundi.

"Leseni ikienda, watoto wangu watakula nini? Sadoki harudi, Mama mkubwa."

Nampenda. Nimemkasirikia. Nimejikasirikia zaidi.

Jumatatu, 24 Novemba

Barua ya ofisi ina makosa matatu ya tahajia. Nimeyaacha.

Nimeandika kurasa mbili. Nimetaja kifaa, ahadi, na Jumatatu saa kwa saa. Nikiandika kwamba kiliharibika, manahodha wengine wataendelea kuacha vyao nyumbani, na ofisi itaendelea kuona boti zilizolala salama.

Kabla ya kukabidhi nimekwenda Ilagala kumsomea mjane. Amesikiliza. Ameniomba nirudie sehemu ya Jumatatu. Nimerudia. Ameingia ndani na kufunga mlango. Nimengoja kidogo, kisha nimerudi Ujiji.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekabidhi maelezo.

Haruna ametuma ujumbe kwa simu: nisifike kwake.

Jumapili, 30 Novemba

Wiki imepita, hakuna aliyebisha hodi. Kifaa kimechukuliwa na ofisi. Afisa amenieleza kwamba wajumbe wa nchi nne watakutana kuamua kama Haruna atarudi ziwani, na kama mimi nishtakiwe. Nimemwomba nami niitwe. Amesema ataniombea nafasi.

Mchana nimepita ufukweni. Boti zilikuwa zikijiandaa kutoka. Manahodha wawili wamenisalimu. Wa tatu ameangalia pembeni. Kifaa chake kilikuwa kimefungwa ndani ya boti, kwenye nguzo ya taa, kwa kamba mpya, mafundo mawili.

Uamuzi ukifika nitauandika hapa siku hiyo hiyo, uwe wowote. Mpaka hapo sina neno.