Kamba za Gita la Dieudo

Niania, Agosti 2003. Ni mwezi wa saba tangu nitoke Bunia.

Mjukuu wangu Furaha,

Bibi yako anakohoa, lakini anakula. Mimi nachimba dhahabu ya wengine, mgongo umekwisha.

Unauliza kwa nini gita la Dieudo limepinda shingo huko atelye, karakana yangu ya magita Bunia. Alilileta nishushe kamba zikaribie shingo, zisimuumize vidole. Risasi zikaanza upande wa kwao, Shari, akataka kukimbilia kwa mama yake. Nikasema, "Ngoja nilegeze kamba, zisivute shingo gita likikaa sana bila wewe."

Akacheka. "Muzee, weye unataka kunizika? Acha vile! Jumapili niko napiga mu kanisa."

Hakuonekana tena. Kila nilipotaka kulegeza, mkono ulikataa.

Legeza sasa, polepole, moja moja. Yeye usimngoje tena. Mimi ningoje Noeli, kama barabara itafunguka.