Kwa Nini Tulinunua Sambre

Kabondo, Stanleyville
Novemba 1956

Kwa kaka yangu mpendwa Benoît, huko Kindu,

Pokea salamu zetu nyingi. Hujambo wewe, na wifi Émilie, na watoto? Mkono wa Marthe umeunga vizuri, au bado unamuuma usiku? Sisi huku tunapumua kwa neema ya Mungu. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, ila samaki wamejaa sokoni na hatulali njaa.

Barua yako ilifika. Timothée aliisoma, akaikunja, akatoka nje. Umeandika kwamba mume wangu hana akili, kwamba hata mtoto mdogo hawezi kununua gari ambayo kiwanda chake kinafungwa. Kaka, una haki ya kukasirika. Lakini waliokupa habari hawakukupa yote, na sipendi mtu ahukumiwe kwa kosa ambalo si lake.

Hatukudanganywa. Yule Mgiriki wa gereji alituambia wazi kabla hatujatoa chochote. Alisema gari za Sambre hazitaundwa tena, kiwanda kule Ubelgiji kinafunga milango mwaka huu, na hiyo moja iliyobaki anaiuza nusu ya bei kwa sababu imemchosha macho. Akasema, "Ikivunjika usinililie. Piesi za kuitengeneza hakuna tena, hapa wala Ulaya." Timothée, unavyojua, ameendesha malori ya pamba tangu kabla hajanioa. Aliinama, akasikiliza mota, kisha akanivuta pembeni. "Mama Félicité, mota iko muzuri. Lakini siku ikikataa, imekataa." Mimi ndiye niliyesema tuichukue. Mimi, kaka, si yeye. Yeye alitaka tungoje gari nyingine.

Majirani walicheka sana. Waliiita Yatima. Tulipopita na Timothée amevaa kofia yake, watoto walikimbia nyuma wakiimba, "Yatima, baba yako yuko wapi?" Timothée alicheka pamoja nao, lakini nyumbani aliiosha gari mpaka giza likaingia. Alikuwa na ndoto ya kuifanya teksi. Hakuniuliza tena kwa nini nilikuwa na haraka, maana alijua.

Sasa nitakuambia, hata kama yatakukera.

Unakumbuka jinsi Mama alivyochukuliwa kupelekwa kambi ya wakoma, kule njia ya Banalia. Wewe ulikuwa tayari kijana wa kusoma, mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni na shangazi. Mwezi wa Pasaka masista wa kambi walituma mtu kuniambia kwamba dawa mpya imemponya. Daktari amesema hawezi kumwambukiza mtu yeyote, arudi kwao. Nilifurahi hata nikamwaga maji ya kuoga. Lakini arudi kwa njia gani? Lori la Timothée ni la kampuni, halipakii watu, basi akawaomba madereva wengine. Kila mmoja alikubali mpaka aliposikia anatoka wapi. Mmoja alimwambia, "Ndugu yangu, nikimpandisha huyo, nani atanunua unga wangu?" Basi nikaona kwamba Mama hatafika kwangu ila katika gari ambayo ni yetu wenyewe. Na gari ambayo tungeweza kuipata ilikuwa ile tu.

Tulikwenda Jumamosi. Mama alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha masista, amevaa kitambaa kipya, mikono ameificha ndani ya kanga. Vidole vingi vimekwisha, kaka. Uso ni mzima. Alimshukuru Timothée kabla hajanisalimu mimi, halafu akapanda mbele, akagusa kioo, akauliza kama kweli ni yetu.

Tulipokaribia Bengamisa mota ikatoa moshi. Timothée alifungua, akatazama, akafunga polepole. Pompu ya maji ilikuwa imepasuka. Tulikaa kando ya njia mpaka lori la mihogo likasimama. Dereva alitukaribisha vizuri, hadi alipoona mikono ya Mama. Akarudi nyuma, akasema mgonjwa huyo hapandi. Nilitaka kumtukana. Timothée alinishika bega, akamuuliza kwa upole kama anaweza basi kuivuta gari kwa kamba. Dereva aliwaza, akasema kuvuta si kupakia. Hivyo ndivyo Mama alivyoingia mjini: mota imekufa, kamba imekazwa, yeye ameketi mbele kama bibi harusi, na Timothée ameshika usukani, machozi yanamtoka.

Gari iko uani. Mgiriki ametafuta pompu kila mahali, hakuna. Teksi ya Timothée imekwisha kabla haijaanza. Baadhi ya majirani hawaji tena kuchota maji kwetu. Sikufichi, kaka, tuna wasiwasi.

Liko jambo moja ambalo limenizuia kulala. Wifi Émilie alipopita hapa mwaka jana alinipa pole ya kifo cha Mama. Alisema mlimfanyia misa Kindu, na wewe ulilia. Nilinyamaza nisikuaibishe. Lakini Mama anauliza habari zako asubuhi na jioni, kwa nini huandiki, kama una chuki naye. Juzi nilishindwa kumdanganya. Nilimwambia yote, kwamba kwako yeye ni marehemu.

Alijifunika mikono kwa kanga, nami nikajuta. Kisha akasema, "Usimgombeze. Alikuwa mutoto, walimucheka shuleni. Mwambie kama nimekufa, basi aje kwenye matanga. Majani ya pondu nitatwanga mwenyewe."

Nimeandika bahasha kwa jina lako peke yako. Kumwonyesha wifi au kutomwonyesha, ni juu yako. Treni ya Ponthierville, ile inayoleta watu wa Kindu, inaingia Jumamosi. Nitakuwa kituoni, na Jumamosi itakayofuata pia.

Timothée anakusalimu, hana kinyongo. Wabusu watoto. Mama anakusalimu.

Mimi mdogo wako,
Adèle