Sentimita Nne za Kwenda Dubai

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Presha asubuhi: 148/92.

Gongo la Mboto nzima, aliyewahi kupanda treni ya kupindua watu kichwa chini miguu juu ni mmoja tu. Mie, Kasiani! Ujapani, mwaka 1986. Nilipiga kelele mpaka Wajapani wakaziba masikio.

Uongo.

Daftari hili silidanganyi. Binti yangu Flaviana kanipa niandike presha tu, lakini kurasa ni nyingi na presha ni mstari mmoja. Basi naandika na mengine. Ujapani sijafika. Mbali nilikofika mie ni Tanga, tena nilitapika njiani. Aliyekuwa anajua humu ndani ni marehemu mke wangu Auleria. Mwingine yuko Chanika na bata zake, huyo nitamsema kesho.

Sasa, leo. Baada ya chakula mkwe wangu Brightson kafunga mlango kama anatangaza vita. Desemba hii, shule zikifunga, twende Dubai. Sote wanne! Siku nne. Kuna uwanja wa mabembea ya umeme, na treni yenyewe hiyohiyo ya kupindua watu. Pesa wamedunduliza miaka mitatu, yeye na Flaviana. Ama pesa hiyo iende kwenye dari – maana toka tuhamie tunalala tunatazama mabati. Flaviana nusu Dubai, nusu dari. Mwalimu huyo, kila kitu anakipigia mstari katikati. Mjukuu wangu Loveness, miaka saba, hana nusu. Alikuwa anaruka juu ya kochi.

Brightson akanigeukia. Baba, humu ndani aliyewahi kuyaona mambo hayo ni wewe. Inafaa, haifai? Utakalosema ndilo. Agenti anataka pesa Jumatatu tarehe 18, na akishaipokea hairudishi.

Nikakohoa kama hakimu. Nipeni mpaka Jumapili tarehe 17, nikasema, nitatoa hukumu.

Hukumu! Mie, darasa la nne!

Jumanne, 5 Novemba
150/90.

Niandike vizuri, nisije nikajiamini mwenyewe.

Nilikuwa nachonga vinyago kwenye banda letu pale Mwenge. Wakatakiwa watu wawili kwenda Ujapani kwenye maonyesho. Jina langu la pili. Picha nikapiga. Koti nikashonesha – la kijivu, vifungo vitatu. Zimebaki siku tisa, nikaugua tetekuwanga. Mwanaume mzima na ndevu zangu! Wakamchukua Augustine badala yangu. Mtani wangu huyo, Mngoni, hata kijiko hajui kuchonga. Kazi yake ilikuwa kupiga vinyago msasa na kuvipaka rangi ya viatu ving'ae. Akaenda. Na koti langu akaenda nalo.

Akarudi na kofia nyekundu na hadithi ya treni. Kofia akanipa kwa kinyago cha mpingo. Hadithi nikaichukua bure.

Nilianza kuwadanganya mashemeji. Auleria alikuwa kanipaka dawa ya tetekuwanga mwili mzima, angeshindwaje kujua? Alinicheka miaka thelathini. Hakunisaliti hata siku moja. Wanawake kama wale kiwanda kimefungwa.

Kofia ipo ukutani hapa chumbani. Loveness huwa anaipigia saluti.

Alhamisi, 7 Novemba
146/90. Nzuri!

Nimefanya utafiti. Nimemuuliza jirani, mama Filomena, anayeuza vitumbua. Kasema ni wendawazimu – ulipe mamilioni utikiswe mpaka utapike, wakati barabara ya kwenda Pugu ina mashimo, panda bodaboda utikiswe kwa elfu mbili. Mapesa hayo wekeni dari.

Nikamjibu, mama Filomena, dari haijawahi kumchekesha mtoto. Akacheka yeye.

Mie hukumu yangu ninayo tayari. Twende! Nimeipima huku na huku kama gogo. Mtoto ana utoto mmoja. Dari itasubiri, mabati hayana miguu. Flaviana hajapumzika toka aajiriwe, hata likizo anasahihisha madaftari. Na Brightson akicheka anapendeza, basi tu hachekagi.

Hizo ni sababu za mezani. Ya moyoni naiandika hapa, isomwe na mende. Nikifika Dubai nikapanda, basi nimepanda! Nani atauliza ilikuwa Ujapani au wapi? Uongo wangu una miaka thelathini na nane. Umebakiza nauli tu uwe kweli.

Usiku wa leo mezani Brightson kauliza, huko hawabagui watoto, Baba? Nikasema, wapi! Mie nilipanda na watu wazima, vitoto, na bibi mmoja ana fimbo. Fimbo nimeiongeza palepale. Loveness akaja kunikumbatia shingo.

Jumamosi, 9 Novemba
157/96.

Amekuja Jenipher, anafundisha shule moja na Flaviana. Kawakuta wenyewe wametoka, kanikuta mie. Shikamoo babu, marahaba, soda ikaletwa. Mwaka jana yeye kaenda na wanawe kulekule. Kasema babu waambie, ile treni kubwa ina kijiti cha kupimia mlangoni. Mtoto asipofika sentimita mia na ishirini, hapandi hata akilia damu. Mwanangu mdogo alilia siku mbili, ndicho tulichokumbuka safari nzima. Na wenye presha vilevile hawapandi, pana bango.

Akanywa soda, akaaga. Usisahau kuwaambia, babu!

Sijasahau. Nimenyamaza.

Nikamwita Loveness asimame kwenye fremu ya mlango, kisogo kigusane na mti. Nikapima kwa futi. Mia na kumi na sita. Nikapima tena, nikambana nywele kidogo. Mia na kumi na sita. Ni kafupi, kamemfuata bibi yake.

Nikaweka alama mbili kwa patasi, ya chini ni yake, ya juu ni ya hao wenye kijiti. Kati ya alama na alama, vidole viwili vyangu tu. Hiyo ndiyo Dubai yote!

Jumapili, 10 Novemba
Sikupima.

Kanisani padri kahubiri juu ya Zakayo, mfupi aliyepanda mti. Nadhani ananifuatilia.

Jumatano, 13 Novemba
151/94.

Nimepata dawa! Vidole viwili ni kitu gani kwa fundi? Nimechonga soli za mbao laini, jozi moja, zinakaa ndani ya raba za Loveness. Kisigino kimepanda, mbele kumeteremka, nimelainisha kwa msasa mpaka kama sabuni. Juu nimegundisha kipande cha kanga ya marehemu. Kazi safi! Patasi sikuwa nimeishika toka mwaka juzi, mkono haujasahau.

Kavaa. Fremu ya mlango – mia na ishirini na nywele. Kanatembea kama mbuni aliyekanyaga makaa, lakini karefu.

Nikamwambia siri. Akauliza, siri ya nani na nani? Ya wachongaji, nikasema. Akaapa kwa kidole.

Wazazi wake wamenipita mara tatu leo. Ujumbe wa Jenipher bado ninao mdomoni. Nitawaambia nini tena na kijiti nimeshakishinda?

Alhamisi, 14 Novemba

Loveness kaanguka ngazi ya jikoni. Goti limechubuka, kidevu kimevimba. Soli imeteleza ndani ya raba, mguu ukachomoka.

Mama yake kamuuliza umekimbia? Akasema ndiyo mama, nimekimbia.

Hajanitaja. Alikuwa ananitazama mie huku anapakwa dawa.

Ijumaa, 15 Novemba
160/98.

Nimekwenda Chanika kwa Augustine. Miezi minne sijamwona. Kufika tu getini:

– Mmakonde! Leo kafa nani? Nyie hamtembei bure.

– Nimekuja kukuzika wewe, mkimbizi wa Kizulu. Nasikia umechelewa.

– Jeneza umekuja nalo? Maana nyie kuchonga mnajua, kumaliza hamjui, lazima sie tupige msasa.

Tukacheka mpaka bata wakakimbia. Kazeeka. Meno yamebaki ya kutabasamia tu.

Nikamweleza yote. Dubai, hukumu, Jenipher, soli, goti. Mwishoni nikamuuliza, mtani, wewe ndiye mwenye treni. Kile chuma cha kuzuia mtu, kilikubana vipi? Mtoto mfupi kweli anaweza kuchomoka?

Akamwaga pumba, yote, hata ya jioni.

Sikupanda, akasema.

Nikakaa juu ya ndoo.

Alifika mpaka mlangoni. Akaona miguu ya watu inaning'inia hewani, akatoka kwenye foleni. Wenzake wakamwachia mabegi, saba kwa hesabu yake. Kando yake kakaa mzee wa kulekule na mjukuu wa kike, kakataliwa kijitini, analia. Augustine mfukoni alikuwa na kobe wa mpingo, kazi ya mkono wangu, akampa. Kobe wangu! Wakakaa watatu, lugha hawaelewani, wakala aiskrimu saa nzima wakiwacheka wanaoshuka wamepauka midomo. Wakati wa kuondoka yule mzee akavua kofia yake akamvika yeye.

– Hiyo unayoitundika ukutani, mtani. Ya mtu aliyekaa chini.

Miaka thelathini na nane najisifu kwa uongo, kumbe na hadithi niliyoiazima nayo ni ya uongo!

Nikamtukana vizuri, kwa haki ya utani. Akapokea. Halafu akasema, kile kijiti si matusi. Mkalimani alimweleza siku ileile. Chuma kinakaa mapajani, na mtoto asiyefika anachomoka kama muhogo kwenye kiroba kilichotoboka. Aling'oka mmoja kabla yao, ndipo wakaweka kijiti.

Nikaona mguu wa Loveness unachomoka kwenye raba.

Nikamwambia Jumapili uje kula kwetu. Akauliza kuna nyama? Nikasema utaleta wewe.

Jumamosi, 16 Novemba
158/97.

Nimejaribu kumvua Loveness zile soli. Hataki! Raba kazilaza chini ya mto.

Nikasema ni hatari. Akasema, we babu ulipanda, na hukudondoka. Na yule bibi mwenye fimbo hakudondoka.

Bibi mwenye fimbo! Nimekoma.

Nikasema basi twende mwakani, utakuwa mrefu wa halali. Akafikiri. Akauliza, mwakani wewe utakuwepo?

Swali gani hilo kwa mtu anayekula chapati tatu! Nikacheka kwa nguvu. Akacheka na yeye. Raba hakunipa.

Mlango wa kutorokea ninao, naujua. Kesho naweza kusema tu: enzi zetu hakukuwa na kijiti, siku hizi Jenipher anasema kipo. Sentensi moja. Brightson ataahirisha, kofia itabaki ukutani, saluti zitaendelea. Lakini mtoto atabaki anaamini kijiti kinadanganyika kwa mbao na gundi, maana babu kapanda hajadondoka. Na sitakuwepo kila penye kijiti.

Hukumu yangu kwenye safari haijabadilika. Inafaa! Hata sie wa kukaa chini na mabegi, inafaa – Augustine siku ile anaikumbuka kuliko harusi yake. Lakini si Desemba hii. Twende siku kisogo cha Loveness kitakapogusa alama ya juu, miguu mitupu. Mwaka mmoja, labda kasoro. Pesa ilale benki, na dari isiguse hata senti! Hilo nitalisema kwa sauti ya hakimu.

Kinachonishinda ni kile cha kutangulia, kwamba Ujapani sijafika.

Jumapili, 17 Novemba
Kipimo cha presha kipo sebuleni, na sebuleni sirudi bado.

Tumetoka misa. Loveness kaenda kanisani na raba, mama yake kagomba wee, mtoto kagoma. Yuko kwenye kochi sasa hivi, miguu inaning'inia, mirefu. Flaviana kapakua pilau. Brightson kaweka simu mezani na namba ya agenti tayari, kasema Baba ukishatamka tu, namjulisha. Amevaa shati jipya, masikini. Kwa ajili ya hukumu!

Augustine kafika na bata mmoja kwapani. Loveness kamwamkia, shikamoo babu. Halafu palepale, kabla hata bata hajafungwa: eti babu Augustine, ni kweli babu yangu alipiga kelele mpaka Wajapani wakaziba masikio?

Mngoni huyu, mwenye mdomo wa kuwasha moto, leo kanitupia macho mie. Bata ndiye aliyejibu.

Brightson akacheka – kweli anapendeza! – akasema, Baba, kavae ile kofia yako, halafu tuambie.

Ndiyo nimekuja kuichukua. Eti. Nimekaa kitandani, kofia iko gotini, daftari juu yake. Ndani ya kofia kuna alama ya jasho la mtu nisiyemjua. Auleria angekuwa hapa angenisukuma mgongoni.

Wananiita. Flaviana kasema pilau linapoa. Loveness anakuja, namsikia kwenye korido – ko, ko, ko – mbao zangu zile.

Augustine, mtani, sauti yangu huko haifiki, nitakwambia kwa macho nikitoka. Koti la kijivu, vifungo vitatu, hujalirudisha mpaka leo. Silitaki tena. Nataka kitu kidogo tu badala yake. Umewashikia wenzako mabegi saba. Nishikie mie kofia hii, dakika tano, wakati naongea.