Nyuma ya Shuka la Sinema

Jumatatu, 8 Agosti 1955. Iyunga.

Baridi kali. Uji umepoa kabla sijamaliza sala ya chakula. Kuku wa jirani wamefukua tena vitunguu vyangu. Nimesema mpaka nimechoka.

Salumu mwenye duka alifika asubuhi, anacheka hata kabla ya kuketi. Gari la sinema litakuja Ijumaa. Safari hii si filamu ya mbolea wala ya mbu. Ni habari za kweli za Ambakisye, mwanangu. Akasema, "Mwalimu, Ijumaa mwanao atakuwa mrefu kuliko nyumba yako. Usikose."

Nilimjibu kwamba sina mwana mpiga kodiani. Nilikuwa na mwana mwalimu, akaacha chaki, akaenda Iringa kupiga muziki wa dansi. Hakuniaga.

Nimeudhika siku nzima.

Jumatano, 10 Agosti.

Kila mtu hapa anamjua Ambakisye kuliko mimi. Fundi cherehani anapiga mluzi wimbo wake. Wanakwaya nao wanaupiga mluzi wakitoka kanisani, mlangoni kabisa. Redio ya Salumu ndiyo usiseme.

Habari za ndoa yake nilizipata kwa dereva wa lori. Ameoa Mhehe. Habari za ugonjwa wake nilizipata kwa mchuuzi wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni: alionekana kule barabarani bila viatu, amebeba kodiani, anabishana na watu wasiokuwepo. Akapelekwa hospitali Iringa. Hakuna aliyekuja kuniambia. Nami sikuuliza. Mwana ndiye huanza.

Mke wangu anataka twende sinema. Nimemkatalia. Jioni nikamkuta anapiga pasi koti langu.

Ijumaa, 12 Agosti.

Nimekwenda. Koti lilikuwa limekwisha kupigwa pasi.

Uwanja umejaa. Upepo unalipiga shuka, picha zinajikunja. Msomaji wa maelezo anavuruga ngeli kwenye kipaza sauti, na hakuna anayejali. Kwanza tukaonyeshwa vidole vya Ambakisye juu ya kodiani, kisha ukumbi wa dansi, watu wanamshangilia. Kisha ukuta wa hospitali. Kisha benchi. Ameketi pale, na mke wake kando yake.

Nikageuka upesi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapishani njiani, hawaketi chumba kimoja. Sikuona sababu ya shuka kubadili jambo hilo. Watu wakacheka. Salumu akaita, "Mwalimu, hiyo ni picha, haikuoni!"

Nikasimama nimeligeuzia shuka mgongo mpaka mwisho. Nilikwenda kumwona mwanangu, nikaziona taa za gari.

Sauti nimeisikia. Imekuwa nzito, inakwenda polepole. Alisema jina lake lilijulikana kila mji, lakini hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba anasikia sauti kichwani. Akaulizwa kuhusu baba yake. Akajibu: "Baba yupo. Siku nikitoka nitapita Iyunga, nisimame nje."

Nje! Kwa nini nje? Nyumba ina mlango.

Jumamosi, 13 Agosti.

Sijalala vizuri. Tena kumbe sikujua hata nusu ya mambo.

Mkamwana alikuwepo jana. Amefika na gari la sinema. Walimwomba asimame mbele azungumze na watu, akakataa. Salumu amekwisha kutangaza dukani kwamba ni mwanamke wa maringo. Mke wangu ndiye anayejua ukweli, maana alimfuata. Mkamwana aliketi peke yake nyuma ya shuka, kwenye upepo, akaitazama filamu yote kinyume, kama kwenye kioo, mumewe anapiga kodiani kwa mkono wa kushoto. Kwa sababu mimi nilikuwa mbele.

Asubuhi alikuja nyuma ya jiko letu. Mimi nilikuwa barazani. Alizungumza na mke wangu kwa sauti ya kunifikia, kama ipasavyo. Daktari amesema Ambakisye anaweza kutoka. Lakini lazima mzee wake aende kumpokea, aelezwe namna ya kuishi naye na dawa zake. Asipokwenda mtu, hatoki. Ambakisye amekataa kuniita. Mkewe amekuja bila kumwambia.

Mke wangu akamwuliza ni nani aliyemfundisha Mhehe kujificha asionwe na baba mkwe. Kwao hawana desturi hiyo.

"Ni yeye, mama. Alinifundisha wiki ile ya harusi. Alisema kama sijui hili, sijaolewa kwao."

Nimekaa na maneno haya siku nzima. Aliyemkana baba yake hamfundishi mkewe kumkwepa.

Nimemwambia mke wangu alete koti.

Jumatatu, 15 Agosti.

Safarini. Vumbi. Basi limekawia kuondoka bila sababu yoyote ya maana. Mimi mbele karibu na dereva, mkamwana kiti cha nyuma kabisa. Kila nikitaka kugeuka nakohoa kwanza, apate kujifunika. Chimala tuliposhuka kunyoosha miguu nilikohoa mpaka dereva akaniuliza kama kifua changu kimepimwa. Mtu wa Tanga. Anajua nini.

Mkamwana amenunua ndizi, akampa utingo aniletee. Nilikuwa na njaa kweli.

Jumanne, 16 Agosti. Iringa.

Amekonda. Mikono inatetemeka kidogo. Daktari anasema ni dawa. Aliponiona alisimama, akabaki amesimama. Nikamwuliza kama amekula. Amekula.

Daktari amenieleza mambo mengi. Nimemsikiliza bila kumkatiza.

Tuliketi kwenye benchi lile. Kisha akauliza, "Baba, umemwona mke wangu?"

"Sijamwona."

Akacheka, kidogo tu. Pindo la kanga lilionekana penye pembe ya ukuta. Nikatazama upande wa pili.

Kesho tunarudi Iyunga. Yeye amebeba blanketi na dawa. Kodiani nimeichukua mimi. Ni nzito kuliko nilivyodhani.