Mjomba Hakuisikia Injini

Jumamosi, Januari

...nimelichagua! Lile gari dogo la umeme, la bluu. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Nilichohofia ni betri. Kutoka hapa Wembley hadi wodini ninakofanya kazi Cambridge ni mbali, na kwenye barafu chaji huisha haraka. Leo muuzaji kaniachia niende mpaka kule na kurudi, hita ikiwaka njia nzima. Chaji imebaki! Baridi ya Februari bado naiogopa, lakini...

Ila kwetu hanunui mtu gari kabla Mjomba Sefu, fundi wa Morogoro, hajaisikiliza injini. Nikampigia pale pale, simu nikailaza juu ya boneti.

"Haya, washa."

"Imewaka, Mjomba."

"Washa, mama, usiogope."

"Imewaka!"

Muuzaji, maskini, ananitazama tu.

"Hiyo imekufa. Achana nayo."

Nikamweleza kuwa gari la umeme halingurumi. Akakohoa kile kikohozi chake cha kifundi.

"Basi zima, nisikie tofauti."

Nikazima. Akasikiliza muda mrefu, na mimi nasubiri kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

"Nzuri," akasema. "Chukua."